Kiswahili katika Mafunzo ya Wafanyakazi wa Maktaba Wanaowahudumia Wasomaji Wenye Ulemavu kwa Teknolojia Saidizi

1.0 Utangulizi

Makala hii inachunguza nafasi ya lugha katika mafunzo wanayopewa wafanyakazi wa maktaba za vyuo vikuu ili waweze kuwahudumia wasomaji wenye ulemavu kwa kutumia teknolojia saidizi. Kwa istilahi hiyo tunakusudia vifaa na programu zinazomwezesha mtu asiyeona, mwenye uoni hafifu, kiziwi, au asiyeweza kushika kitabu kwa mikono, kuyafikia maandishi ambayo wengine huyafikia bila msaada. Yaliyoandikwa kuhusu suala hili kwa kawaida huanzia kwenye mitambo: kompyuta ngapi, za aina gani, ziwekwe chumba gani. Sisi tunaanzia kwingine. Tunadai kwamba sehemu kubwa ya kushindwa kwa huduma hizi katika mazingira yetu ni kushindwa kwa lugha, na kwamba idara za Kiswahili zina wajibu katika jambo hili ambao hadi sasa zimewaachia wakutubi peke yao.

Msingi wa kisheria haupungui. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006, Kenya ikauridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu mwaka 2010, na katika mwaka huohuo Katiba mpya ya Kenya, ibara ya 7, iliitaka Dola ikuze na kuendeleza matumizi ya Lugha ya Alama ya Kenya, breli na njia nyingine za mawasiliano zinazofikiwa na watu wenye ulemavu. Kinachopungua ni mtu anayeketi nyuma ya meza ya maulizo ambaye, mwanafunzi wa shahada ya uzamili asiyeona anapomwomba tasnifu ya Kiswahili ya mwaka 1984, anajua afanye nini.

2.0 Lugha ya mezani

2.1 Kumtaja msomaji

Jambo la kwanza linaloulizwa katika mafunzo ya aina hii ni jina: tumwite nani? Wanafunzi wa sarufi wanafahamu kwamba majina mengi ya zamani ya watu wenye ulemavu yamo katika umbo la KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, kibyongo. Wapo waliohitimisha kwamba umbo hilo linamshusha mtu hadhi na kumweka pamoja na vitu. Hoja hiyo haitoshi. Kiongozi, kijana, kinyozi na kiranja wamo katika umbo hilohilo, na upatanisho wa kisarufi huwatambua wote kuwa ni watu. Tunasema ‘kipofu amefika’, wala hatusemi ‘kipofu kimefika’. Tusi, pale lilipo, halimo katika kiambishi bali katika desturi ya kumtaja mtu kwa upungufu wake peke yake.

Mabadiliko ya desturi hiyo yanasomeka katika majina ya vyama vyenyewe. Chama cha Walemavu Tanzania (CHAWATA) kilichukua jina la ngeli ya M-WA. Shirikisho lililoundwa baadaye (SHIVYAWATA) limejiita la ‘Watu wenye Ulemavu’, yaani mtu ametajwa kwanza na hali yake ikafuata. Wakati huohuo Chama cha Viziwi Tanzania (CHAVITA) kimebaki na neno ‘viziwi’, kwa kuwa kwa wanachama wake neno hilo linataja jumuiya yenye lugha yake. Mfanyakazi wa maktaba anayefundishwa orodha ya maneno mema na maneno mabaya atampa kiziwi jina ambalo mwenyewe hakulichagua, huku akidhani anamheshimu. Afadhali afundishwe kuuliza jina la mtu, kama anavyofanya kwa msomaji yeyote.

2.2 Nafsi na viashiria

Kosa linalojitokeza mara nyingi zaidi mezani si la msamiati bali la nafsi. Msomaji asiyeona anafika akiongozwa na ndugu au rafiki, naye mfanyakazi anamwuliza yule rafiki: ‘Anataka kitabu gani?’ Kiambishi a- kimechukua nafasi ya u-, na kwa badiliko hilo dogo msomaji ameondolewa katika mazungumzo yanayomhusu. Vivyo hivyo kwa kiziwi aliyekuja na mkalimani. Mfanyakazi hana budi amwelekee kiziwi, aseme ‘unataka’, na kumwachia mkalimani kazi yake. Jambo hili hufundishika kwa dakika chache, na tunaona ajabu kwamba miongozo ya mafunzo huliacha na kwenda moja kwa moja kwenye vitufe.

Suala la viashiria ni gumu zaidi. Kiswahili kina utajiri mkubwa wa viashiria, na wasemaji wake huvitegemea sana katika kuelekeza: hapa, pale, kule, hivi, kile kilichoko huku. ‘Bonyeza hapa, halafu shuka mpaka pale’ ni sentensi sahihi kabisa ambayo, kwa msikilizaji asiyeona, haina maana yoyote. Mfanyakazi anapaswa kuzoezwa kubadili kiashiria kuwa maelezo: ‘rafu ya tatu kutoka chini, mkono wako wa kulia’, ‘kitufe cha mwisho kushoto katika safu ya kwanza’. Si zoezi jepesi. Mkono wa mwelekezaji husonga mbele ya ulimi wake, na mtu huhitaji kurudia mara nyingi kabla hajaweza kutoa maelekezo ya dakika tano bila ‘pale’ hata moja. Kwa upande mwingine, hakuna haja ya kukwepa vitenzi kama ‘tazama’ au kuaga kwa ‘tutaonana’. Wasioona huvitumia wenyewe kila siku.

3.0 Kompyuta inaposoma Kiswahili

Kisoma-skrini ni programu inayoyageuza maandishi yaliyoko kwenye kioo cha kompyuta kuwa sauti, au kuyapeleka kwenye kifaa cha breli chenye nukta zinazoinuka na kushuka. Inayofahamika kwa muda mrefu ni JAWS, ambayo huuzwa. NVDA, iliyoanzishwa na Michael Curran wa Australia mwaka 2006, hutolewa bure, na kwa maktaba zenye bajeti kama zetu tofauti hiyo inatosha kumaliza mjadala. NVDA huja pamoja na sauti bandia ya eSpeak, ambayo ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake nyingi.

Hapa ndipo mfanyakazi asiyefunzwa hukwama bila kujua amekwama. Kompyuta ya maktaba imewekewa sauti ya Kiingereza, matini ya Kiswahili inafunguliwa, sauti inatoka. Kwa aliye mbali, mashine inafanya kazi. Lakini maneno kama ‘pole’, ‘wake’, ‘mate’, ‘vile’ na ‘some’ yana maumbo yaleyale ya maneno ya Kiingereza, na sauti hiyo huyatamka hivyo, irabu ya mwisho ikimezwa. Yasiyofanana na Kiingereza huvunjwavunjwa. Msomaji aliyezoea huweza kubahatisha maana kwa muda, ila kusoma tasnifu ya kurasa mia mbili kwa kubahatisha ni adhabu. Dawa ni kubadili lugha ya sauti, kazi isiyozidi dakika moja kwa anayejua orodha ya sauti ilipo.

Tahajia yetu inaisaidia sana sauti bandia, kwa kuwa uhusiano wa herufi na sauti ni wa karibu na mkazo karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Hata hivyo kuna mahali ambapo kanuni haitoshi. ‘Barabara’ yenye mkazo katika silabi ya tatu ni njia. Yenye mkazo katika silabi ya pili ni ‘sawasawa’. Mashine haitofautishi. Ritifaa ya ng’ nayo huleta taabu, kwa kuwa waandishi huiandika kwa alama mbalimbali zinazofanana machoni lakini ambazo kwa kompyuta ni herufi tofauti, au huiacha kabisa. Aliye na macho huona ‘ngoa’ mahali palipostahili ‘ng’oa’ na kusahihisha kimoyomoyo. Anayesikiliza husikia neno jingine, lenye maana ya wivu au tamaa, na katika ushairi maana hiyo inaweza hata kukubalika.

Kwa wanafunzi wa isimu kuna tatizo jingine ambalo wakutubi hawatarajiwi kulijua bila kuambiwa. Kisoma-skrini kina viwango vya kusoma alama za uandishi, na katika viwango vya chini kistari huachwa. Mfano uliochanganuliwa kama ‘a-li-m-pig-a’ unaweza kutamkwa vipande bila alama, msomaji asijue mpaka wa mofimu ulikuwepo wapi na kwa sababu gani. Hatari zaidi ni kinyota kinachowekwa mbele ya tungo isiyokubalika kisarufi. Kikinyamaziwa, msomaji husikia ‘kitabu amekuja’ ikitolewa kama mfano sahihi. Katika NVDA viwango hivi hubadilishwa kwa kitufe cha programu, ambacho kwa kawaida ni Insert, pamoja na herufi P. Mfanyakazi anayejua jambo hili moja amemwokolea mwanafunzi wa sintaksia muda mwingi.

Jambo dogo linalohusiana na haya ni kasi. Wasomaji waliozoea huiweka sauti katika kasi ambayo kwa sikio geni ni kelele tupu. Mfanyakazi asiipunguze kwa nia njema. Na kwa kuwa NVDA huweza kubebwa katika diski mweko ikiwa na mipangilio ya mwenyewe, maktaba inayozuia programu zote kutoka nje kwa hofu ya virusi ingefaa ifikirie upya ni nani hasa inamfungia mlango.

4.0 Kuandaa matini

Maandishi mengi ya Kiswahili yaliyomo katika maktaba zetu hayako katika umbo ambalo kisoma-skrini kinaweza kulisoma. Tasnifu za miaka ya 1970 na 1980 zilipigwa kwa taipureta. Zikipigwa picha kwa skana, ukurasa huonekana safi, lakini kwa kisoma-skrini picha hiyo ni ukurasa mtupu. Lazima ipitishwe katika programu ya kutambua herufi, kisha matokeo yasahihishwe na mtu. Kwa maoni yetu, kazi hii ya usahihishaji ndiyo kiini cha huduma yote, na ndiyo inayohitaji Kiswahili kizuri kuliko ujuzi wa kompyuta.

Makosa ya programu hizi yana mpangilio, na mpangilio huo unaweza kufundishwa. Herufi m iliyofifia husomwa kama r na n, hivyo ‘mtu’ huwa ‘rntu’. Mfuatano wa r na n ni nadra mno katika Kiswahili ukiondoa majina ya kigeni. Kwa hiyo msahihishaji akitafuta ‘rn’ katika hati nzima atayanasa makosa mengi kwa dakika chache. Mfuatano wa l na i uliobanana nao huweza kusomwa kama h. Kosa hili ni baya kwa sababu -li- ndicho kiambishi cha wakati uliopita: ‘alisoma’ hugeuka ‘ahsoma’, na kitenzi hupoteza njeo yake. Pale ambapo l hugeuka tarakimu 1, sauti bandia husoma namba katikati ya neno. Mtu asiyejua Kiswahili hawezi kuyasahihisha haya hata awe fundi mkubwa wa mashine.

Ushairi unastahili uangalifu wa pekee. Katika baadhi ya matoleo mshororo huchapwa ukiwa na nafasi pana kati ya ukwapi na utao. Programu ya kutambua herufi huiona nafasi hiyo na kudhani kwamba ukurasa una safu mbili. Husoma kwanza ukwapi wote kutoka juu hadi chini, halafu utao wote. Shairi linalotoka lina maneno yote ya mtunzi, vina vyake vinasikika kimoja baada ya kingine, wala hakuna ubeti hata mmoja ulio mzima. Msahihishaji anayefahamu arudhi ataligundua kosa katika ubeti wa kwanza. Asiyefahamu atalipeleka kwa msomaji, naye msomaji atamlaumu mshairi.

Miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu haiingii katika utaratibu huu. Hapo anahitajika msomaji mtaalamu wa kuihawilisha katika herufi za Kirumi kabla ya jambo lolote jingine. (Inafaa kukumbuka kwamba breli ya Kiarabu yenyewe husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, tofauti na hati yake, wanafunzi wengi hushangaa kusikia hivyo.)

Kuhusu breli, tuliyo nayo ni ile iliyobuniwa na Louis Braille nchini Ufaransa katika miaka ya 1820: chumba cha nukta sita kinachotoa michanganyiko 63, ukiacha chumba kitupu. Kiswahili kinatumia thamani za kawaida za herufi za Kirumi. Breli isiyofupishwa inahitaji chumba kimoja kwa kila herufi, na lugha ambishi-bainishi kama yetu ina maneno marefu. ‘Walipotuandikia’ linachukua vyumba 15. Katika kifaa cha breli chenye vyumba 20 neno hilo karibu linajaza mstari mzima, na msomaji anasogeza mstari baada ya kila neno moja au mawili. Karatasi ya kawaida ya breli hubeba mistari 25 ya vyumba 40, kwa hiyo riwaya ya wastani huwa majuzuu kadhaa makubwa. Maktaba inayopanga kununua mashine ya kuchapa breli ipange pia rafu, na chumba cha pekee, maana mashine hizo zina kelele nyingi.

Kwa wasomaji wenye ulemavu wa viungo hatuna mengi ya kusema ambayo wakutubi hawayajui: mlango, meza, urefu wa rafu, na kipengele cha kompyuta kinachomruhusu mtu kubonyeza vitufe kimoja kimoja badala ya kwa pamoja, ambacho kimekuwemo katika Windows tangu mwaka 1995. Kwa viziwi, kitu kinachosahaulika ni kwamba kwa wengi wao Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili. Kumwandikia kiziwi maelekezo marefu yenye vishazi tegemezi vitatu si kumrahisishia jambo.

5.0 Haki ya kunakili

Wafanyakazi wengi huogopa kuskani kitabu kizima kwa kuhofia sheria ya hakimiliki. Hofu hiyo ina sababu, lakini mafunzo yanapaswa kuipa mipaka. Mkataba wa Marrakesh, ulioafikiwa mwezi Juni 2013 na kuanza kutumika Septemba 2016, unazitaka nchi wanachama ziruhusu asasi zilizotambuliwa kutengeneza nakala zinazofikika bila kumwomba ruhusa mwenye haki, na kupelekeana nakala hizo kuvuka mipaka. Kenya ilijiunga mwaka 2017 na kuibadili sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019. Tanzania ilijiunga mwaka 2020. Wanufaika ni wasioona, wenye matatizo ya kuona au ya kusoma, na wale ambao ulemavu wa mwili unawazuia kushika kitabu au kupekua kurasa. Viziwi hawamo. Mfanyakazi anapaswa kujua mipaka hiyo, na kujua kwamba nakala iliyotengenezwa haipaswi kusambazwa kwa kila mwanafunzi. Kwa Kiswahili mkataba huu una manufaa ya pekee: nakala ya riwaya iliyosahihishwa vizuri Nairobi haina sababu ya kusahihishwa upya Dar es Salaam.

6.0 Namna ya kufundisha

Mafunzo tunayoyapendekeza yasiwe ya wakutubi wenye shahada pekee. Mlinzi wa mlangoni na mpanga vitabu ndio wa kwanza kukutana na msomaji, na aghalabu ndio walioko zamu jioni. Yafanyike kwa Kiswahili, mbele ya kompyuta, na miongoni mwa wakufunzi awemo mtumiaji halisi wa kisoma-skrini, alipwe kama wakufunzi wengine.

Zoezi moja lina thamani kuliko mihadhara mingi: kioo cha kompyuta kizimwe, na kila mshiriki atafute kitabu fulani katika katalogi ya maktaba yake kwa kusikiliza tu. Tunatahadharisha kuhusu lengo lake. Zipo semina zinazowafunga watu vitambaa machoni na kuwatembeza ukumbini, nao hutoka wakiwa wamejaa huruma na hofu ya giza, mambo mawili yasiyomsaidia msomaji. Katika zoezi letu kinachopimwa ni katalogi. Mshiriki atagundua vitufe visivyo na majina, orodha zisizo na vichwa, na picha zisizo na maelezo, na ataziandika ili fundi wa mfumo azirekebishe.

Istilahi nazo zikubaliwe kabla ya somo la kwanza. Hatupendekezi kufufua ugomvi wa kompyuta, tarakilishi na ngamizi, ambao wasemaji wameuamua kila mmoja kwao. Lakini kama mkufunzi mmoja anasema ‘kisoma-skrini’, wa pili ‘programu ya sauti’ na wa tatu anataja jina la kibiashara, mwanafunzi atadhani ni vitu vitatu. ‘Teknolojia saidizi’ imekwisha kuzoeleka na uundaji wake ni wa Kiswahili safi, kwa hiyo ibaki.

Mwisho kuna jambo lililo ndani ya uwezo wa idara zetu bila kusubiri fedha za mtu. Tasnifu zinazowasilishwa sasa huandikwa kwa kompyuta, kisha katika vyuo kadhaa huchapwa, husainiwa, huskaniwa na kuhifadhiwa zikiwa picha. Matini yaliyozaliwa yakiwa yanasomeka kwa sauti hugeuzwa ukurasa mtupu na taratibu zetu wenyewe. Idara na imwagize kila mtahiniwa akabidhi maktaba, pamoja na nakala iliyosainiwa, faili la hati yenyewe lenye vichwa vilivyowekwa kwa mitindo ya programu, lugha ya matini ikiwa imetajwa kuwa ni Kiswahili, na ritifaa ya ng’ ikiwa ya aina moja toka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msimamizi alikague faili hilo siku ileile anapoidhinisha masahihisho.